Maneno ya Kiingereza: Silabi ya Mbele na Maana Yake

Asemaye Kiswahili hulijua neno kwa kuutazama mwanzo wake. Asikiapo "mtu" hujua ni mmoja, asikiapo "watu" hujua ni wengi, na tofauti yote imo katika silabi ya kwanza. "Kiti" huwa "viti", "mti" huwa "miti"; na "atakuja" likitiwa sauti moja tu mbele yake huwa "hatakuja", hata mwenye nyumba akaacha kumpikia mgeni. Mtoto hafundishwi jambo hili darasani. Hulipata nyumbani pamoja na maneno yenyewe, na afikapo umri wa kwenda shule sikio lake limekwisha zoea kungojea habari kubwa mwanzoni mwa neno.

Sikio hilo huja nalo katika Kiingereza, na kwanza humfaa sana. Huona ya kwamba Waingereza nao wana vipande vidogo wavitiavyo mbele ya maneno ili kugeuza maana. "Happy" ni mwenye furaha; "unhappy" ni asiye na furaha. "Write" ni kuandika. "Rewrite" ni kuandika upya. "Understand" ni kufahamu. "Misunderstand" ni kufahamu vibaya. Mwanafunzi hufurahi kama aliyekutana na ndugu yake ugenini. Walakini ndugu huyu ana tabia nyingine asizozijua, na asiyezichunguza huweza kusoma onyo la hatari akadhani ni maneno ya amani. Kwa hiyo yafaa kuviangalia vipande hivyo: vimetoka wapi, vyafanya kazi gani, na ni wapi visipoaminika.

Milango mitatu

Vipande hivyo, ambavyo walimu huviita viambishi, viliingia katika Kiingereza kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni lugha ya kale ya Waingereza wenyewe. Humo vimo "un-", "mis-", "over-" na "under-". Mlango wa pili ni Kilatini, kilichokuwa lugha ya kanisa na ya elimu, na ambacho kiliingia kwa wingi zaidi kwa njia ya Kifaransa baada ya mwaka 1066, William wa Normandy alipoishinda Uingereza na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa. Humo vimo "in-", "re-", "dis-", "pre-", "sub-" na "trans-". Mlango wa tatu ni Kiyunani, lugha ambayo waganga na wataalamu wa sayansi huiendea watakapo jina jipya. Humo vimo "anti-", "auto-", "tele-", "hyper-" na "hypo-".

Faida ya kuvijua ni kubwa. Lichukuliwe shina moja tu la Kilatini, "port", lenye maana ya kuchukua au kubeba. "Import" ni kuingiza bidhaa nchini, "export" ni kuzitoa nje, "transport" ni kuzichukua kutoka mahali hata mahali, "report" ni kurudisha habari kwa aliyemtuma mtu, na "deport" ni kumtoa mtu katika nchi. Mfanyabiashara wa Mombasa na karani wa forodha huyaona maneno haya kila siku. Anayejua vipande vitano na shina moja hana haja ya kukariri maneno matano kana kwamba hayana ujamaa. Huyasoma kama asomavyo "somo", "msomi", "msomaji" na "masomo".

Kiambishi kimoja, kazi mbili

Kiambishi kitumiwacho kuliko vingine labda ni "un-", na wengi hudhani kina maana moja, yaani "si". Kwa kweli kina kazi mbili. Kikitangulia neno la sifa, hukana sifa ile: "kind" ni mpole, "unkind" si mpole, "safe" ni salama, "unsafe" si salama. Lakini kikitangulia kitendo, hakikani kitendo, bali hukirudisha nyuma. "Tie" ni kufunga, na "untie" ni kufungua. "Fold" ni kukunja, na "unfold" ni kukunjua. "Cover" ni kufunika, na "uncover" ni kufunua.

Kiswahili chaijua kazi hii ya pili vizuri sana, ila huifanyia mwishoni mwa neno. Husemwa funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kwa hiyo anayefasiri "untie" kuwa ni kutokufunga amekosea, kwa maana kitu kisichofungwa na kitu kilichofunguliwa ni mambo mawili. Mbuzi ambaye hakufungwa na mbuzi aliyefunguliwa huweza kukutwa wote pamoja katika shamba la jirani wakila mahindi, lakini mbele ya baraza la wazee kesi zao si moja. Hata Waingereza wenyewe wana neno ambalo kazi hizi mbili hugombana ndani yake. Mlango ukiitwa "unlockable" huweza kuwa mlango usiokubali ufunguo kuufunga, tena huweza kuwa mlango ukubalio ufunguo kuufungua. Msomaji hana budi kutazama maneno yaliyo jirani ndipo aamue.

Kiambishi cha Kilatini "in-" hukana vilevile, nacho kina desturi ya kubadili umbo. "Correct" ni sahihi, na "incorrect" si sahihi. Lakini mbele ya "p", "b" na "m" huwa "im-", kama katika "impossible", yaani isiyowezekana. Mbele ya "l" huwa "il-", kama katika "illegal", yaani iliyo kinyume cha sheria. Mbele ya "r" huwa "ir-", kama katika "irregular", yaani isiyofuata kanuni. Mwanafunzi asilalamike kwamba Waingereza wameongeza mizigo. Na atazame kinywa chake mwenyewe: mtu "mrefu" lakini nyumba "ndefu", "ulimi" mmoja lakini "ndimi" mbili, "ubao" mmoja lakini "mbao" nyingi. Sauti mbili zilizo ngumu kukaa pamoja hupatanishwa, na ulimi wa mwanadamu ni mmoja, uwe wa London au wa Lamu.

Kinachofanana na kiambishi

Hatari ya kwanza ni kudhani kwamba kila silabi ya mbele iliyo na umbo la kiambishi ni kiambishi. "Uncle" ni mjomba au amu. Hakuna mtu aitwaye "cle" ambaye mjomba ni kinyume chake. "Under" ni chini ya, na "un" iliyomo haikani kitu chochote. "Ready" ni tayari, na si kufanya "ady" mara ya pili. "Reach" ni kufika, "press" ni kubonyeza, "dish" ni sahani. "Mission" si kosa, ingawa "mis-" mara nyingi ni dalili ya kosa. Kipimo cha kwanza ni chepesi: kiambishi kiondolewe, kisha itazamwe kama kilichobaki ni neno lenye maana iliyo karibu na lile la kwanza. Kutoka "unkind" hubaki "kind", nalo latosha kusimama peke yake. Kutoka "uncle" hubaki takataka.

Hata hivyo kipimo hiki si hakimu wa mwisho. Neno "disease", yaani ugonjwa, huonekana kama neno moja lisilogawanyika, na watu husema hivyo bila kufikiri. Walakini limetokana kweli na "dis-" na "ease", yaani kukosa raha. Maneno mengine ya Kilatini yaliingia yakiwa yamekwisha ungwa, na shina lake halisimami peke yake katika Kiingereza cha leo. Hapo ndipo kamusi hushinda akili.

Msomaji asidhani kosa la kukata neno pasipo kiungo ni la wageni tu. Waswahili wamelifanya kwa furaha na lugha yao imetajirika kwalo. Neno "kitabu" ni la Kiarabu, na "k" yake ni sehemu ya shina lenyewe, kama ilivyo katika "katibu" na "maktaba". Lakini sikio la Kiswahili lilisikia "ki-", likasema ikiwa kimoja ni kitabu, vingi ni vitabu. Kadhalika "club" ya Kiingereza ilianza kwa konsonanti mbili zilizobanana. Ulimi ukaweka irabu katikati ukapata "kilabu", na mara moja wakatokea "vilabu". Kibao cha barabarani kisemacho "keep left", yaani shika kushoto, kilizaa "kipilefti", na njia panda za duara zikiwa nyingi huitwa "vipilefti". Fundi wa baiskeli naye alisikia "mudguard" akapata "madigadi", kisha akaona kwamba "ma-" ni ya wingi, basi moja akaliita "digadi".

Waingereza nao hawana cha kuwacheka wengine. Zamani aproni iliitwa "napron". Kwa kuwa "a napron" na "an apron" husikika sawasawa, ile "n" ikahamia nyumba ya jirani na mpaka leo haijarudi. Nyoka aitwaye "adder" alikuwa na "n" mbele ya jina lake, akaipoteza vivyo hivyo. Neno "nickname", yaani jina la utani, lilikwenda njia ya kinyume: lilikuwa "ekename", maana yake jina la nyongeza, likaiba "n" ya "an". Na chakula kiitwacho "hamburger" kilipewa jina la mji wa Hamburg ulioko Ujerumani. Watu wakasikia "ham", ambayo ni nyama ya nguruwe, wakaikata hapo, na kilichobaki wakakiunga na jibini wakapata "cheeseburger". Hivyo lugha hukua kwa makosa yaliyokubaliwa na wengi. Lakini kosa la mtu mmoja asomaye onyo peke yake halikubaliwi na mtu, wala na moto.

Neno la moto

Kati ya maneno yote ya Kiingereza yaliyowahi kusumbua watu kwa silabi ya mbele, lililo hatari kuliko yote ni "inflammable". Mwanafunzi aliyejifunza vizuri kwamba "incorrect" si sahihi, na kwamba "incomplete" haijakamilika, alitazame neno hili kwenye pipa. "Flame" ni mwali wa moto. "In-" hukana. Basi bila shaka pipa hili lina kitu kisichoshika moto. Hesabu yake ni nzuri na jibu lake ni la kuua, kwa maana "inflammable" maana yake ni kitu kishikacho moto upesi.

Sababu ni kwamba Kilatini kilikuwa na "in-" mbili zilizofanana kwa sura na zisizo na ujamaa kwa maana. Moja ilikana. Ya pili ilikuwa na maana ya "ndani" au "juu ya", nayo ndiyo iliyomo katika "import" iliyotajwa hapo juu. Warumi walisema "inflammare", yaani kutia moto, na kutoka hapo Waingereza wakapata "inflame", kuwasha, na "inflammable", chenye kuweza kuwashwa. Neno lilikuwa sahihi kabisa machoni pa aliyesoma Kilatini. Lakini mpakizi bandarini, dereva wa lori na mama mwenye mtungi wa mafuta jikoni hawakuajiriwa kwa kujua Kilatini.

Neno fupi zaidi, "flammable", lilikuwapo tangu mwanzo wa karne ya 19 lakini halikutumiwa sana. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kuzuia hatari za moto, National Fire Protection Association, ambacho kilianzishwa mwaka 1896, kilianza kuhimiza kwamba neno hilo fupi ndilo litumiwe, ili mtu asiambiwe na silabi ya mbele kinyume cha ukweli. Mwaka 1959 British Standards Institution, shirika la Uingereza liwekalo kanuni za vipimo na ubora wa vitu, nalo likashauri hivyo hivyo: kishikacho moto kiitwe "flammable", na kisichoshika moto kiitwe "non-flammable". Wasomi wengine walinung'unika kwamba neno zuri la zamani limeondolewa bila kosa. Lakini shauri lilikuwa la busara, kwa sababu onyo huandikwa kwa ajili ya yule asiyejua, wala si kwa ajili ya yule ajuaye.

Kwamba neno laweza kuleta moto si maneno ya kutisha watoto. Mmarekani aliyeitwa Benjamin Lee Whorf, aliyekuwa mtaalamu wa lugha, alifanya kazi tangu mwaka 1919 mpaka alipofariki mwaka 1941 katika kampuni ya bima ya moto mjini Hartford. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi moto unavyotokea. Aliona kwamba penye mapipa yaliyojaa petroli watu huwa na hadhari, lakini penye mapipa yaitwayo "empty", yaani matupu, huvuta sigara bila wasiwasi, ingawa pipa tupu lina mvuke wa petroli na mvuke huo ni wa hatari zaidi. Watu walilitii neno wakakisahau kitu. Ndivyo awezavyo kufanya yule atiiye silabi ya mbele bila kuuliza.

Siku hizi penye mizigo ya namna hii huchorwa mwali wa moto, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Walakini neno la zamani lingali limo katika vitabu na kwenye vyombo vya siku nyingi. Kwa hiyo na likaririwe hivi: "flammable" na "inflammable" zote mbili hushika moto, "non-flammable" peke yake haishiki.

Sifa na lawama

"In-" hudanganya katika barua pia. Kama mwajiri akimwandikia mtumishi wake barua ya kumsifu, akasema kazi yake ilikuwa "invaluable", mtumishi huweza kuondoka na uchungu akidhani ameambiwa kazi yake haikuwa na thamani. Kumbe amesifiwa kupita kiasi: neno hilo lasema kwamba thamani ya kazi yake haipimiki. Kazi isiyo na thamani huitwa "valueless" au "worthless". Na mtumishi mwingine akiandikiwa kwamba kazi yake ilikuwa "indifferent", huweza kufurahi akidhani ameambiwa hakubadilika wala hakulegea tangu siku ya kwanza, kwa kuwa "different" ni tofauti. Barua hiyo asiipeleke kwa mwajiri mwingine kwa haraka, maana imesema kazi yake ilikuwa hivi hivi tu, si nzuri. Na mtu aitwaye "infamous" si yule asiyejulikana. Ajulikana sana, ila kwa uovu.

Silabi moja kitandani mwa mgonjwa

Hospitalini silabi ya mbele ni jambo la uhai. Viambishi viwili vya Kiyunani, "hyper-" na "hypo-", vimetengana kwa sauti ndogo tu ya mwisho, lakini maana zake ni kama mbingu na ardhi. "Hyper-" ni juu, kupita kiasi. "Hypo-" ni chini, pungufu. "Hypertension" ni shinikizo la damu lililopanda, na "hypotension" ni shinikizo lililoshuka. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imezidi katika damu ana "hyperglycaemia". Ambaye sukari yake imepungua mno ana "hypoglycaemia". Huyu wa pili, akiwa angali na fahamu na aweza kumeza, hupewa kitu kitamu upesi, kwa maana akiachwa huweza kuzimia na hata kufa. Huyu wa kwanza akipewa kitu hicho huongezewa mzigo uleule unaomlemea. Ndugu wanaosoma karatasi ya mgonjwa nyumbani hawana budi kuzijua silabi hizi mbili.

Kwa bahati njema Kiswahili chenyewe humpa msomaji ukumbusho. Waingereza hutamka "hypo" kama "haipo". Basi na aseme moyoni: sukari haipo. Akikumbuka hivyo hatachanganya tena.

Jozi nyingine ni "ante-" na "anti-". Ya kwanza ni ya Kilatini na maana yake ni "kabla". Ya pili ni ya Kiyunani na maana yake ni "dhidi ya". Kliniki ya akina mama wajawazito ni "antenatal", yaani ya kabla ya kuzaa. Anayeandika "antinatal" ameandika kliniki ipingayo kuzaa, na mama mjamzito asomaye kibao hicho atakuwa na haki ya kurudi nyumbani.

Silabi na mkazo wake

Hatari nyingine haionekani kwa macho, husikika tu. Kila silabi ina sauti moja ya irabu ndani yake. Katika Kiswahili silabi karibu zote huishia kwa irabu, hata "ua", lenye herufi mbili, ni silabi mbili. Kiingereza hakifuati mpango huo. "Strengths", yaani nguvu nyingi, lina herufi tisa na silabi moja tu. "Area", yaani eneo, lina herufi nne na silabi tatu. "Wednesday" huandikwa kama silabi tatu na hutamkwa kama mbili. Kwa hiyo silabi za Kiingereza zihesabiwe kwa sikio, zisihesabiwe kwa herufi.

Tena katika Kiswahili mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, kama "barabara" lenye maana ya sawasawa, ambalo mkazo wake huenda nyuma zaidi ukalitenga na "barabara" ya magari. Kilicho nadra kwa Waswahili ni desturi kwa Waingereza. Neno "permit" likikazwa mwanzoni ni karatasi ya ruhusa. Likikazwa mwishoni ni kitendo cha kuruhusu. "Record" likikazwa mwanzoni ni kumbukumbu iliyoandikwa; likikazwa mwishoni ni kuiandika. "Refuse" likikazwa mwishoni ni kukataa. Likikazwa mwanzoni ni takataka, na pipa lililoandikwa hivyo halimkatazi mtu kitu, bali lamwomba atupe taka zake humo. Hata "invalid" ni maneno mawili. Mkazo ukiwa mwanzoni ni mgonjwa asiyejiweza. Mkazo ukiwa katikati ni kitu kilicho batili. Kiambishi ni kilekile, karatasi ni ileile, ila sauti ndiyo iliyohama.

Mezani pa karani

Ofisini kialama kidogo cha kuunga maneno huweza kuandika hatima ya mtu. "Resign" ni kujiuzulu. "Re-sign", lenye kistari, ni kutia sahihi tena. Mfanyakazi atakaye kuendelea na mkataba wake kwa kipindi kingine, akisahau kistari hicho katika barua yake, ameomba kuondoka hali alikusudia kubaki. Vilevile "recover" ni kupona au kurudishiwa mali, na "re-cover" ni kufunika upya, kama kitabu kitiwacho jalada jipya.

Karani anayegawanya neno mwishoni mwa mstari naye aangalie kiungo kilipo. "Reappear", kutokea tena, hugawanywa baada ya "re-". Likikatwa baada ya "reap-" msomaji huona kwanza kuvuna, kisha huona tunda. Mashine za kompyuta hugawanya maneno zenyewe, lakini jicho la karani lingali lahitajiwa.

Tena kiambishi "bi-", yaani mbili, si cha kuaminiwa katika matangazo ya mikutano. "Biweekly" hutumiwa na wengine kwa maana ya mara mbili kwa juma, na wengine kwa maana ya mara moja kila majuma mawili, na kamusi zimezikubali maana zote mbili. Mwandishi mwenye busara huliacha neno hilo akaandika "twice a week" au "every two weeks", ili watu wasije wakaketi katika ukumbi mtupu.

Maswali matatu

Basi asomaye Kiingereza asiiache tabia yake ya kuutazama mwanzo wa neno. Ni tabia njema, na wazee wake walimpa bila malipo. Ila aongeze maswali matatu. Swali la kwanza: je, silabi hii ni kiambishi kweli, au yafanana nacho tu? La pili: ikiwa ni kiambishi, ni kipi kati ya wale wanaofanana sura? La tatu: mkazo uko wapi? Na neno likiwa limeandikwa juu ya pipa, juu ya chupa ya dawa, au juu ya karatasi inayongojea sahihi yake, asitosheke na kubahatisha. Afungue kamusi, au amwulize ajuaye. Kuuliza si ujinga.

Kwa wapendao kujipima, haya hapa maneno sita. Matatu yana kiambishi cha kweli na matatu yana mfano wake tu: "reappear", "reason", "misfortune", "mist", "immortal", "image". Ayaandike mtu katika karatasi, akate anapoona pana kiungo, kisha alinganishe na kamusi. Na akipenda, amwite mtoto wake aliye shuleni wayafanye pamoja, kila mmoja na karatasi yake.